Stroberi juu, mrehani chini: bustani ya ghorofa kwa nyumba za Mbinga na mwambao wa Nyasa

Kabla hujanunua beseni hata moja, jiulize: maji ya mwezi wa Septemba utayatoa wapi? Bustani ya ghorofa, yaani vyombo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kupandwa miche pembeni, ni bustani ya udongo mchache, na udongo mchache hukauka upesi. Mche wa shambani ukikosa maji siku tatu hunyauka, kisha ukimwagiwa hufufuka. Kwenye beseni, siku tatu hizohizo za kiangazi zinatosha kuua. Mvua za Ruvuma huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Miezi inayobaki bustani hii inaitegemea ndoo yako. Kama kisima chenu hukauka Agosti, anza na mnara mmoja wa viungo, uone, ndipo ufikirie stroberi.

Kama maji yapo, au kuna mtu wa kuyachota kila siku bila kunung'unika, endelea kusoma.

Kwa nini ghorofa, wakati ardhi ipo?

Umatengo, yaani nchi ya vilima vya Mbinga, una ardhi, lakini ardhi ya kando ya nyumba ni habari nyingine. Nyumba nyingi za Mbinga zimekaa kwenye kipande kilichochongwa ubavuni mwa kilima: nyuma ukuta wa udongo, mbele mteremko, na kahawa imeshika kila penye rutuba. Kieneo cha bapa kinachobaki ni cha kuanikia mazao, cha watoto na cha kuku. Mwambaoni, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, shida ni nyingine. Vijiji vimebanana kati ya ziwa na milima, na udongo wa karibu na maji ni mchanga usioshika mbolea.

Mnara wa mabeseni manne hukaa kwenye nusu mita kwa nusu mita na kubeba miche 16. Lakini mimi siuthamini kwa sababu ya nafasi hasa. Nauthamini kwa sababu mbili nyingine. Ya kwanza, tunda la stroberi huning'inia hewani: haligusi udongo, hukauka haraka baada ya umande, na kuku hawalifikii. Ya pili, udongo unauchagua wewe. Mizizi ya stroberi hushambuliwa na magonjwa yanayobaki ardhini palipolimwa nyanya, viazi mviringo, bilinganya au tumbaku, na kwa bustani ya nyumbani hakuna dawa ya kuyaondoa humo. Kwenye beseni unaanza na udongo ambao haujawahi kuona mazao hayo.

Wamatengo wana ngoro, yale mashimo ya mraba yanayozungukwa na matuta ya nyasi zilizofukiwa, ambayo huyazuia maji ya mlimani ili yaingie ardhini badala ya kukimbia na udongo. Mnara nao ni mteremko, ila umesimama wima. Maji ukiyamwaga juu yanataka kukimbilia chini. Karibu kila hatua ya mwongozo huu inahusu kuyafanya yatulie kidogo katika kila ghorofa.

Mwinuko ndio unaochagua mmea

Usipande kitu kilekile Mbinga na Mbamba Bay kwa sababu tu umekiona kwa jirani. Uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, wakati vilima vya Mbinga viko juu ya mita 1,000, na vingine vinapanda mno zaidi ya hapo. Ukishuka na lami kutoka Mbinga hadi ziwani, safari isiyofika kilomita 70, umebadilisha nchi kabisa.

Stroberi hupenda joto la nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi. Likipita 30, mche hustawi majani na kutoa kamba zinazotambaa, lakini maua huwa machache na matunda madogo. Viungo vingi havina deko hilo.

*SANDUKU LA 1: Panda nini, wapi*

- Mbinga mjini, Litembo, Maguu na vilima vingine: stroberi, giligilani, vitunguu vya majani, mnanaa, rozimari.
- Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na mwambao wote: mrehani, vitunguu vya majani, pilipili fupi, mnanaa upande wenye kivuli. Giligilani panda Mei hadi Julai tu, kwani joto likizidi hukimbilia kutoa maua kabla ya majani.
- Kote: mchaichai, lakini chini ardhini, kando ya mnara. Kwenye beseni utalijaza lote na kuwanyima wenzake.

Kama uko ziwani na moyo wako umeng'ang'ania stroberi, panda Aprili, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, uvune unachopata miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Lihesabu kuwa tunda la watoto, usiliwekee hesabu ya kuuza.

Mahali pa kusimamisha mnara

Stroberi inataka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la mchana huegemea kaskazini. Mnara ukiwekwa upande wa kusini wa nyumba utakaa kivulini miezi hiyohiyo ambayo stroberi inatakiwa kuzaa. Weka kaskazini au mashariki mwa nyumba. Ziwani fikiria pia upepo wa kusi wa Mei hadi Agosti, unaokausha majani na kusukuma mnara, na utafute ukuta au ua wa kuukinga.

Sogeza mnara karibu na jiko kadiri uwezavyo. Bustani iliyo mbali na macho hunyweshwa kwa kukumbuka, na kukumbuka husahaulika.

Kutengeneza mnara mwenyewe

Mjini kuna vyungu vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kupandana. Ukivipata kwa bei unayoimudu, ni vizuri, ruka hadi kwenye udongo. Hapa naeleza vya kujitengenezea kwa vitu vya dukani.

Unahitaji:

- mabeseni 4 ya plastiki nene, mapana kama sentimita 40 mdomoni na yenye kina cha sentimita 18 hivi. Ziwani chagua ya rangi nyepesi, maana jeusi huchemsha mizizi;
- ndoo 3 tupu za sado, zile za lita 4;
- nguzo ya mwanzi mkavu au bomba la chuma, urefu wa mita 1 na nusu;
- matofali 4 hadi 6;
- msumari mnene na moto wa kuuchomea.

*ONYO: Usitumie kamwe ndoo, dumu au kopo lililokuwa na dawa ya kahawa, ya tumbaku au ya mifugo, hata ukiliosha mara ngapi. Sumu huingia kwenye plastiki, na wewe utakula majani mabichi.*

1. Chimbia nguzo sentimita 50 ardhini, ishindilie kwa mawe, uhakikishe imesimama wima. Mnara uliolowa hufika kilo 60 na zaidi. Nguzo ikiyumba leo, Julai itaanguka na kila kitu.
2. Panga matofali kuzunguka nguzo ili beseni la chini lisikae ardhini. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu juu yake kama pimamaji. Pakiinama kidogo tu, maji yatakimbilia upande mmoja na upande wa pili utakauka kila siku.
3. Toboa katikati ya kila beseni tundu la kupitisha nguzo. Fanya hivyo pia kwenye kitako cha kila ndoo ya sado.
4. Toboa kila beseni matundu mengine 8 ya ukubwa wa penseli, kwa duara, karibu na ukingo wa kitako, ili ndoo isiyazibe. Kuyeyusha plastiki kuna moshi mbaya. Fanyia nje, uso ukiuepusha.
5. Ingiza beseni la kwanza kwenye nguzo. Ndani yake ingiza ndoo ya sado ikiwa imefunikwa kifudifudi. Kitako chake kilingane na ukingo wa beseni au kipite kidogo, na kikiwa chini weka jiwe bapa kuinua. Hii ndoo ndiyo itakayobeba ghorofa ya juu. Bila hiyo, ghorofa ya juu hukalia udongo, udongo hushuka, na mnara huanza kuinama mwezi wa pili.
6. Jaza udongo kuzunguka ndoo hadi sentimita 2 chini ya ukingo. Mwagia maji, acha utulie, ongeza.
7. Ingiza beseni la pili juu yake na urudie. Beseni la nne, la juu kabisa, halihitaji ndoo ndani.

Kila beseni la chini litabakiwa na ukanda wa udongo ulio wazi pembeni, kama upana wa vidole vinne. Hapo ndipo miche inapokaa, minne kwa kila ghorofa.

Ukikosa mabeseni, gunia lililojazwa udongo, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji na matundu ya miche ubavuni, linafanya kazi vizuri kwa vitunguu vya majani na mrehani. Kwa stroberi silipendekezi. Ubavu wa gunia hukauka mno kiangazi, na stroberi ina mizizi mifupi.

Udongo

Udongo wa kichanga peke yake haushiki maji, na ule mwekundu wa mlimani peke yake hushikana ukawa tofali. Changanya. Kipimo ni ndoo ya sado, na mnara mmoja unataka 14:

- sado 5 za mboji iliyoiva
- sado 5 za udongo tifutifu usiowahi kulimwa nyanya, viazi, bilinganya wala tumbaku
- sado 2 za mchanga wa mtoni au wa ziwani
- sado 2 za maganda ya mpunga yanayotupwa mashineni, au maganda makavu ya kahawa kutoka kinuni

Kwa mchanga, watu wa Nyasa wana bahati wasiyoijua. Ziwa ni la maji baridi, kwa hiyo mchanga wake hauna chumvi kama wa pwani ya bahari, nayo stroberi huchukia chumvi kuliko karibu matunda yote. Uchekeche tu kuondoa makombe.

Maganda laini mekundu yanayotoka kahawa mbivu inapomenywa ni jambo tofauti. Yakiwa mabichi huchacha, hutoa joto na kuunguza mizizi. Yalundike na majani makavu na samadi, yageuze kila wiki mbili tatu, uyatumie baada ya miezi minne au zaidi, yakishakuwa meusi na kunukia kama udongo wa msituni. Samadi ya kuku na mbuzi nayo iive vilevile. Mbali na kuunguza, samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha, na tunda hili huliwa bila kupikwa.

Kabla ya kujaza, pima kwa mkono. Chukua konzi ya mchanganyiko uliolowanishwa, ubane kwa nguvu, fungua vidole. Ukibaki umeshikana na alama za vidole zikiwa juu yake, kisha ukapasuka vipande ukiugusa kwa kidole gumba, uko sawa. Ukitiririsha maji kati ya vidole, ongeza mchanga na maganda. Ukimwagika wote kabla hujafungua kiganja, ongeza mboji.

Miche: nunua kwa macho

Stroberi hupandwa kwa miche inayotokana na kamba zinazotambaa za mmea mama. Haipandwi kwa mbegu. Mbegu za pakiti huchelewa, na mmea unaotoka haufanani na mama yake. Zile picha za stroberi za bluu na za zambarau zinazouzwa mtandaoni kama mbegu ni utapeli mtupu. Okoa pesa yako.

Miche hupatikana kwa wakulima wa nyanda za baridi, kama Mbeya, Njombe, Iringa, Lushoto na Arusha. Muulize afisa ugani wa kata yako nani analeta karibu. Ukimpata muuzaji, muulize bila aibu:

- "Hii ni aina gani?" Chandler ni mojawapo ya aina zilizozoeleka Afrika Mashariki. Asiyejua jina la aina yake huenda hajui pia magonjwa yake.
- "Ilitolewa lini kwa mama?" Mche uliokaa muda mrefu bila udongo hauamki vizuri.
- "Naomba niione mizizi." Iwe mingi na myeupe au ya manjano hafifu. Ya kahawia na laini, achana nayo.

Angalia pia moyo wa mche, pale majani yote yanapochipukia. Uwe mnene kama penseli au zaidi. Mche ukisafirishwa kwa basi, funga mizizi kwa gazeti lililolowa na ganda la mgomba, uweke kwenye boksi lenye matundu, na ukifika uuweke kivulini usiku mmoja kabla ya kupanda.

Viungo ni rahisi. Mnanaa na mrehani huota kwa vikonyo vilivyokaa kwenye glasi ya maji siku saba hadi kumi. Giligilani inasiwa moja kwa moja. Mbegu zake zipasue kwanza kwa kuzisugua kati ya viganja, kwani kila kidonge kina mbegu mbili.

Nani akae ghorofa gani

Hapa ndipo wengi hukosea. Mnara mmoja una hali ya hewa zaidi ya moja. Juu hukauka kwanza na hupata jua lote. Chini hupokea maji ya wenzake na kivuli cha majani yao.

- Ghorofa ya juu: rozimari, ambayo haipendi miguu yake ikae majini, na pilipili kwa walio ziwani.
- Mbili za kati: stroberi kwa walio mlimani, mrehani kwa walio ziwani.
- Ya chini: vitunguu vya majani na giligilani.
- Mnanaa: mpe chombo chake peke yake. Mizizi yake hutambaa chini kwa chini na ndani ya miezi michache beseni zima ni lake.

Ukitaka mnara mzima wa stroberi inawezekana, ila ghorofa ya juu utainywesha zaidi na ya chini utaichunga isioze.

Kupanda

Mlimani panda stroberi mwezi wa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Mvua za mwisho zitaishikisha mizizi, kisha matunda yatakuja kiangazi cha baridi, wakati hakuna mvua ya kuyaozesha. Ukipanda Novemba, maua yako yatakutana na mvua za Januari, na ukungu wa kijivu utavuna kabla yako.

1. Panda jioni, au siku ya mawingu. Anza ghorofa ya juu ushuke, ili udongo unaoanguka usifunike miche iliyokwisha pandwa.
2. Punguza mizizi mirefu ibaki sentimita 10 hivi, isikunjwe ndani ya shimo.
3. Moyo wa mche ukae sawasawa na uso wa udongo. Ukifukiwa huoza, ukiachwa juu sana mizizi hukauka. Hili ndilo kosa linaloua miche mingi kuliko wadudu wote.
4. Bana udongo kwa vidole, mwagia kikombe kimoja kila mche.
5. Tandaza nyasi kavu au maganda ya mpunga kuzunguka, bila kuufunika moyo.
6. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo, kata kila ua na kila kamba inayotambaa. Inauma, najua. Lakini mche unaozaa ukiwa mtoto hubaki mtoto.

Maji, kila siku

Kiangazi mnara wa miche 16 hunywa kama lita 5 hadi 8 kwa siku, kutegemea jua na upepo. Usizimwage zote juu.

1. Asubuhi, kabla jua halijakolea, ingiza kidole kwenye udongo wa ghorofa ya juu na ya chini hadi kiungo cha pili.
2. Mwaga nusu ya maji kwenye beseni la juu, polepole, ukisimama kila yanapotuama.
3. Baada ya dakika kumi, gawa nusu iliyobaki kwenye ghorofa za kati, moja kwa moja kwenye udongo.
4. Ya chini ipe tu kama kidole kimekuambia pamekauka.
5. Majani na matunda yasilowe. Kopo lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo.

Maji yanayotoka chini yakinge kwa karai uyamwagie mchaichai. Usiyarudishe juu, kwa kuwa yanabeba chumvi za mbolea na vimelea. Wala usiyaache yalale, mbu watazaliana.

*SANDUKU LA 2: Kwa wanaotumia maji ya ziwa*

- Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa penye kina kifupi, majani na konokono. Chota kwenye gati, kwenye mwamba au kwa bomba. Usimtume mtoto aingie majini hadi magotini kwa ajili ya bustani.
- Maji ya ziwa yana ualkali kidogo, wakati stroberi hupenda udongo wenye uchachu kiasi. Ukiona majani machanga yamekuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mche unashindwa kupata madini ya chuma. Ongeza mboji, na mvua zikianza, kinga maji ya paa uyatumie hayo.

Mbolea, kwa kiasi

Kila unaponywesha, maji hushuka na sehemu ya chakula. Kuanzia wiki ya sita, kila baada ya wiki mbili, koroga kijiko cha chai kimoja cha NPK kwenye lita 5 za maji na umpe kila mche kikombe kimoja, kwenye udongo uliokwisha lowa. Ukikosa NPK, tandaza konzi ya mboji iliyoiva kila mwezi.

Mkulima wa kahawa ana Urea na CAN stoo, na mkono humwasha. Zuia mkono. Kwenye udongo mchache huu, mbolea hizo huleta majani mapana ya kupendeza, matunda laini yasiyo na utamu, na vidukari wengi.

Maadui

*Buibui wekundu* huja kiangazi kikikolea. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge kwa kidole. Vidoti vinavyotembea ndivyo wenyewe. Osha migongo ya majani kwa maji asubuhi, siku tatu mfululizo. Wakizidi, tumia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, ukinyunyiza jioni na kusuuza kesho yake.

*Ukungu wa kijivu* huvaa tunda kama manyoya. Toa tunda hilo mara moja na ulifukie mbali. Punguza majani yaliyosongamana.

*Konokono* waokote usiku kwa tochi, hasa chini ya matofali.

*Ndege* hujua stroberi imeiva kabla yako. Tumia neti ya kivuli au ya bustani iliyofungwa vizuri chini. Chandarua cha kitandani kibaki kitandani. Kina dawa, na kazi yake ni kuzuia malaria.

*ONYO: Usinyunyizie mnara dawa za kahawa, hata kidogo, hata kama jirani anafanya hivyo. Mrehani au giligilani huchumwa leo ikaingia mchuzini leo. Na kama shamba la kahawa lililo kando linapigwa dawa, funika mnara kwa turubai siku hiyo na usivune mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa uishe.*

Kuvuna na kuuza

Tunda huiva kama mwezi mmoja baada ya ua, na baridi ikiwa kali huchukua muda zaidi. Stroberi ikishachumwa haiongezeki utamu, tofauti na ndizi au embe. Subiri iwe nyekundu hadi mabegani, karibu na kikonyo. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kwa kukata kikonyo kwa kucha au mkasi, kofia ya kijani ibaki. Usivute. Usioshe mpaka wakati wa kula, na osha kwa maji yaliyo salama kwa kunywa. Bila friji ina siku moja au mbili, na kwenye friji hufika siku nne au tano.

Tuseme ukweli wa hesabu. Mche uliotunzwa hutoa gramu 200 hadi 400 kwa msimu. Miche 16 ni kilo 3 hadi 6 hivi. Hiyo ni ya familia na zawadi. Anayetaka kuuza anahitaji minara kumi kwenda juu, mteja aliyemwambia "nitachukua" kabla ya kupanda, na chombo kifupi cha kubebea, safu mbili tu za matunda. Zilizo chini husagika njiani.

Kwenye viungo, panda kinachopikwa kwenu. Vitunguu vya majani, giligilani na mnanaa wa chai vina mnunuzi mtaani kila siku. Mrehani una nafasi kwenye nyumba za wageni za Mbamba Bay, na juu ya samaki mbasa wa kuchoma ni mtamu kwelikweli. Rozimari panda kwa ajili yako, halafu uone nani ataulizia. Chuma theluthi moja tu ya mmea kwa wakati mmoja, ukikata juu ya kifundo cha majani, nao utachipua mara mbili.

Orodha ya kila wiki (ibandike mlango wa jiko)

- Nguzo imesimama wima? Beseni lolote limeinama?
- Matundu ya chini yanatoa maji?
- Moyo wa kila stroberi uko wazi?
- Majani yaliyokauka na kamba zinazotambaa zimekatwa?
- Migongo ya majani imekaguliwa?
- Matunda yaliyooza yametolewa?
- Maua ya mrehani yamekatwa ili uendelee kutoa majani?

Mwaka wa pili

Msimu wa kwanza ukiisha, chagua miche miwili iliyozaa vizuri kuliko yote na uiache itoe kamba. Kila kamba ikionyesha kimche kidogo chenye mizizi, kilaze juu ya kikopo cha mboji, kikandamize kwa kijiti kilichopindwa, uwe unakinywesha. Baada ya wiki 4 hadi 6 kikate kwa mama. Mama mwenyewe ana miaka miwili, mitatu akijitahidi, kisha matunda huwa madogo kama karanga na inabidi ang'olewe.

Usichukue mtoto kwa mama mwenye madoa ya majani au aliyewahi kunyauka ghafla wakati udongo una maji. Huyo ng'oa pamoja na udongo wa beseni lake, umwage mbali na bustani, osha beseni kwa sabuni na ulianike juani. Mabeseni mengine ongeza sado moja ya mboji mpya kila moja mwezi wa Februari, ukitoa kiasi hichohicho cha udongo wa juu, ili Machi ikifika uwe tayari kupanda watoto wako mwenyewe.